Kilo Themanini na Saba

9 Februari

Hapana, Dada, si mapenzi yanayoninenepesha, kama ulivyonitania siku ya kunisindikiza ukiwa umeshika mlango wa gari hutaki kuufunga. Mapenzi yangekuwa na uzito, mimi leo nisingepita mlangoni.

Shikamoo. Najua ilitakiwa ianze hiyo, lakini nilikuwa bado nakujibu. Goti lako linaendeleaje? Wateja wako bado wanakuletea kitambaa cha sketi wakitaka gauni zima? Sisi hatujambo kabisa. Mume wangu (miezi mitatu sasa, na bado nikiandika maneno hayo mawili nacheka peke yangu) anakusalimu sana. Nimegundua kazini kwao wanamwita Gramu. Anazunguka mji mzima kufungua mizani za watu: madukani, sokoni, kwenye maduka ya dawa, hata hapa kwetu kwenye duka la kufulia nguo. Anazisafisha, anazijaribu kwa mawe yake ya shaba, kisha anazipiga lakiri, muhuri wake wa kwamba ziko sawa. Mizani ikikosea gramu moja, yeye hapati raha. Na asubuhi ananifunga kamba za viatu vyangu vya mazoezi, Dada! Anapiga goti sakafuni kabisa, anafunga, halafu anainua macho ananitazama. Nisimalizie.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka alichosema yule daktari mama baada ya harusi: presha yangu iko juu, nishuke kutoka kilo tisini na mbili mpaka themanini, nikae hapo, ndipo tuzungumze habari ya mtoto. Kabla ya hapo nisithubutu. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na sita, mama alipokwenda hospitali amevimba miguu, amebeba begi la nguo za mtoto. Likarudi begi tu.

Basi nimefanya yote. Natembea saa nzima kabla ya kazi, napanda zile ngazi za kwenda mtaa wa juu, zote mia moja na kumi. Chumvi nimepunguza, sukari nimeiaga, kidonge cha presha nameza kile kile cha siku zote, jioni nusu ya sahani yangu ni mboga. Wiki za mwanzo kilo zilidondoka kama vifungo vya shati kuukuu. Tisini. Themanini na nane. Themanini na saba. Halafu basi. Leo ni Jumapili ya tano napanda kwenye mizani yetu ya nyumbani na sindano inakwenda pale pale, kama imebandikwa kwa gundi. Nimeanza kuitazama kwa jicho baya.

Nakosea wapi, Dada?

Mdogo wako, mke wa mtu (!)


22 Februari

Mdogo wangu mke wa mtu,

Marahaba. Goti lipo, linanitangazia mvua kabla haijanyesha. Fundi mwenzangu wa cherehani ya pili amejifungua salama, mtoto wa kike, kwa hiyo nashona peke yangu na sare za shule zimenifika shingoni. Mjomba anakusalimu, anauliza kama mumeo anaweza kumtengenezea redio. Nimemwambia ni fundi mizani, si fundi redio. Akasema, "Yote si yana sindano?"

Sasa nijibu kama ninavyowauliza wateja, bila aibu. Chai ya kazini ina sukari? Unalamba mwiko ukipika? Nani anapika? Nani anatia mafuta? Mtu aliyeolewa juzi hajui anachokula, anatazama uso wa mwenzake badala ya sahani.

Kama yote hayo ni safi, tulia. Mwili si kitambaa, kwamba ukikata umekata. Ukiupunguzia chakula nao unabana matumizi, unakaa kusikilizia kama ni njaa ya kweli au ni maringo yako. Endelea kutembea kana kwamba hakuna mizani duniani. Ukiacha kwa sababu ya namba, utakuwa umeiachia na presha, na mimi ninayoiogopa ni presha. Kilo sina ugomvi nazo.

Ila namba za watu siziamini. Wateja wa mbali wakinitumia vipimo vya futi hujipunguzia. Mtu anasoma anachotaka kusoma. Ndiyo maana huwaambia wanitumie uzi. Zungusha uzi usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani, kata, tia kwenye bahasha. Uzi haujui kusoma. Wala hauendi kwa simu, kwa hiyo endelea kuniandikia. Nina kitambaa cha buluu hapa cha gauni lako la kilo themanini. Sikikati mpaka uzi uniambie.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Salamu za leo ni chache. Mama mkwe amepona kikohozi. Kazini tumepata mashine mpya ya kukaushia, inanguruma kama tumbo langu. Uzi umo ndani.

Themanini na saba. Jumapili ya tisa.

Maswali yako yameniingilia nyumbani kama mchwa. Nani anatia mafuta? Yeye. Gramu anapika Jumanne na Alhamisi kwa sababu ananipenda, na mimi sasa namsimamia nyuma ya mgongo nahesabu anavyoinamisha chupa. Juzi alikuta nimeichora chupa ya mafuta mstari kwa kalamu, nione yanashuka kiasi gani.

"Unanipima, mke wangu?"

Nikamwambia napima mafuta. Akacheka, lakini hakucheka vizuri. Mama mkwe naye kila akija anarudia, "Mwanangu alipenda mwanamke mwenye mwili." Kwa nini anarudia? Anaogopa nikikonda mwanawe atanichoka, au wamepanga nisikonde? Nawashuku wote wawili. Hata mkebe wa chumvi naushuku.

Na najishuku mwenyewe. Wiki iliyopita niliacha kula mchana. Siku ya tatu nilikuwa kaunta napekua mifuko ya koti la mteja (tunapekua kila mfuko kabla nguo haijaingia majini, utashangaa watu wanavyosahau siri zao), macho yakaingia giza, nikakaa chini katikati ya mashuka. Mwenye duka akaniletea maji, akauliza kwa furaha kabisa, "Una mimba nini?" Dada, nililia mpaka akajuta kuzaliwa na mdomo.

Jumapili nilishuka kwenye mizani nikaenda bafuni, nikafungulia bomba Gramu asinisikie. Nadhani alinisikia. Viatu viko pale mlangoni, na sijui kama kesho nitavivaa. Labda mwili wangu umekataa tu. Labda mimi si wa kuzaa.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Wote wazima, habari zao baadaye.

Kula mchana. Hilo si ombi. Mwanamke mwenye presha anayejinyima chakula na kuanguka kazini hapungui, anajiua kwa awamu.

Uzi wako nimeulaza kando ya kipimo cha gauni lako la harusi, kimo kwenye daftari langu. Umepungua vidole vitatu vizima. Mizani yako haina habari na vidole hivyo, mimi ninayo. Vaa viatu.

Lingine la kukusaidia nimelifanya upande wangu. Usiniulize ni nini.

Dada yako


17 Aprili

Dada yangu wa pekee duniani!

Shikamoo mara mia! Mko salama? Mtoto wa fundi mwenzako anakua? Mwambie mjomba Gramu amekubali kuitazama redio, kwa mapenzi anayonipenda mimi.

Themanini na sita! Ndivyo ilivyoanza, Jumapili ile ile baada ya barua yako. Nilishuka, nikapanda tena, themanini na sita. Iliyofuata themanini na tano na nusu. Jumapili hii iliyopita themanini na nne! Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Gramu alitaka kuninyanyua juu kama kwenye picha za harusi, mgongo ukamkatalia, tukaanguka wote kitandani tukacheka mpaka machozi. Nakula mchana, natembea, ngazi zote mia na kumi sasa sisimami katikati kuvuta pumzi. Ulikuwa umesema kweli, mwili ulikuwa unasikilizia tu!

Na yeye ni mwenye haya kiasi gani, hujui. Nikiwa juu ya mizani hatazami sindano, anatazama ukutani, ananiachia furaha iwe yangu peke yangu. Kila Jumamosi anaifungua mizani yetu na kuisafisha. Anasema inayobeba habari njema lazima itunzwe. Nani mwingine ana mume wa namna hii? Nimeifuta ile alama kwenye chupa ya mafuta, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Uzi umo ndani. Tia mkasi kwenye kitambaa cha buluu!

Mdogo wako mwenye raha


28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima, mtoto ameanza kutabasamu na usiku hamlazi mama yake. Redio ya mjomba imepona yenyewe alipoidondosha.

Uzi wa Aprili nimeulaza juu ya uzi wa Machi. Nimeuvuta, nimeuachia, nimewaita wateja wawili wautazame. Ni sawa kwa sawa, hata unywele hauingii kati. Kilo tatu zimetokea wapi, mdogo wangu? Masikioni?

Mizani yenu imewekwa wapi? Kabla hujapanda, sindano iko kwenye sifuri? Kwa nini mizani ya watu wawili isafishwe kila wiki? Mumeo anasema nini ukishuka? Na wakati anasema, macho yake yako wapi?

Nimeuliza tu. Mkasi bado uko mezani.

Dada yako


16 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Umeuliza tu. Tangu lini wewe ukauliza tu? Ukiuliza mteja anakwenda wapi na gauni lile, mtaa mzima unajua usiku huo huo mume wake hayupo.

Nijibu. Mizani iko chini ya dirisha la chumbani, haijawahi kuhama. Sindano iko kwenye sifuri, nimeinama nikaikagua kwa macho yangu. Mume wangu ni mtu ambaye sokoni wauza nafaka wanaficha mawe yao mabovu wakisikia kikohozi chake. Huyo ndiye unayemtilia shaka, kwa sababu ya uzi?

Nami nimeanza kukutilia shaka wewe. Sikutaka kuandika hili lakini kalamu imefika. Nilipokuwa nalia ulinijibu kwa siku nane. Nilipofurahi ulichukua kumi na moja, na ukaja na maswali. Labda unampenda zaidi yule mdogo wako wa kulia, ambaye bila wewe hawezi. Huyu mwenye mume na kilo themanini na moja (ndiyo, themanini na moja, Jumapili iliyopita) humjui umfanye nini.

Uzi situmi tena.

Na nikuambie la mwisho, maana sina wa kumwambia mwingine. Miadi ya daktari ni Julai, na mimi siwezi kungoja Julai. Jumapili mbili zijazo nitakuwa nimegusa themanini. Pakiti yangu ya vidonge vya kuzuia mimba inaisha mwisho wa mwezi huu, na sifungui nyingine. Gramu hajui. Nataka iwe zawadi yake.

Mdogo wako


21 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi aifikishe kaunta yenu, kwa hiyo utaipokea ukiwa kazini, isome hapo hapo.

Usiache vidonge. Nitukane, ninyime uzi, niite jina lolote, lakini usiache.

Hapo dukani mna ile mizani ya chini ya kupimia mafurushi ya nguo. Najua utasema hata hiyo ni ya kwake, mizani zote za mji zina lakiri yake. Sawa. Lakini hiyo hailali chini ya dirisha lenu. Panda asubuhi kabla wateja hawajaja. Usimwambie mumeo.

Utaniuliza nimejuaje. Sitakujibu hilo kwa barua.

Mama alikuwa na miaka thelathini na sita, na asubuhi ile alisema anajisikia vizuri.

Dada yako


31 Mei

Dada,

Leo hakuna shikamoo.

Nilipanda Jumamosi asubuhi. Themanini na saba. Nikavua viatu nikapanda tena, themanini na saba kasoro kidogo. Nikasema imeharibika. Nikachukua mfuko wa sabuni wa kilo kumi ambao haujafunguliwa, nikauweka. Kumi. Nikaweka miwili. Ishirini. Mwenye duka akaingia akanikuta nimekumbatia mfuko wa sabuni nalia, akarudi nje taratibu.

Nyumbani sikusema neno mpaka tumekaa kunywa chai. Nikamwambia Gramu, kama habari ya kawaida, "Mizani ya kazini imeharibika." Siku nyingine yoyote angeacha chai akakimbilia mkoba wake wa vifaa. Safari hii aliweka kikombe chini polepole, akauliza, "Inazidisha?"

Dada, sikuwa nimesema inazidisha.

Nikachukua kikombe changu nikaenda kukiosha. Jumapili nikafua nguo, na unajua kazi yangu, mkono hauwezi kupita mfuko bila kuingia. Kwenye ovaroli lake nilikuta bisibisi ndogo na barua. Nikaijua ile hati kabla sijaikunjua, hiyo ndiyo hati iliyonifundisha kuandika. "Shemeji, mdogo wangu anakata tamaa. Wewe ni mtu wa vitendo. Fanya lolote unaloweza, ufundi wowote ulio nao, ili Jumapili asishuke pale akilia." Tarehe 20 Machi. Siku ile ile uliyoniambia nisikuulize.

Lolote, Dada. Ulimwandikia fundi mizani kwamba afanye lolote.

Nikaiweka barua mezani na bisibisi juu yake. Aliitazama kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani.

"Ni skrubu ipi?" nikamuuliza. "Sifuri niliikagua."

"Si ya sifuri. Ya sifuri ungeiona. Ni springi ya ndani."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumamosi. Kidogo kidogo."

"Ungeniacha wapi, Gramu? Nikifika uzito wa kuku?"

"Nilidhani ukipata moyo mwili utashuka kweli. Ushuke, ukutane na mizani njiani. Halafu ningeirudisha taratibu bila wewe kujua." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nasikia bomba la bafuni kila Jumapili. Maji yanamwagika na hakuna anayeoga."

Nikamwambia kuhusu vidonge. Nikaenda nikaleta pakiti nikamwonyesha: vilikuwa vimebaki vitatu. Akakaa sakafuni. Alijua habari ya mama, nilimweleza kabla hajanioa. Akasema, "Miaka kumi na moja sijampunja mtu." Nikamjibu, "Umeamua kuanzia kwangu."

Hatusemezani. Anapika, sili mpaka niwe nimemwona yeye amekula kwanza. Viatu nafunga mwenyewe.

Alikujibu nini? Najua alikujibu. Ninyi wawili mmeandikiana mara ngapi juu ya mwili wangu?


8 Juni

Mdogo wangu,

Alinijibu mara moja, mstari mmoja: "Shemeji, ondoa shaka, nimelishughulikia kifundi." Nilipoupata nilifurahi. Nilidhani amekutengenezea kiti, sijui, kengele ya kukuamsha, kitu cha mbao. Uzi wa Aprili ulipofika ndipo nikaelewa. Nusu nikaelewa, nusu nikajifanya sielewi.

Ningeweza kukuambia siku ile. Lakini ningelazimika kusema kwamba niliandika kwa mumeo nyuma yako, na wewe ulikuwa na furaha, na sikutaka kuwa mimi wa kukuharibia. Kwa hiyo nikakutumia maswali nikitumaini utagundua mwenyewe na jina langu lisitajwe. Ulipoandika kuhusu vidonge nilidondosha mkasi mguuni. Hata hapo sikusema. Nilikuambia panda mizani, sikukuambia kwa nini. Huo ndio woga wangu wote, nimeuandika, sijaacha kitu kabatini.

Mumeo alikosea kwa springi. Mimi nilikosea kwa kunyamaza, na nilikuwa najua zaidi yake.

Uliandika kwamba nampenda zaidi mdogo wangu wa kulia. Nimelifikiri hilo nikiwa cherehani siku nzima, nikashona mkono wa shati mahali pa kola.

Sasa nisikilize mara moja tu, halafu uninunie utakavyo. Mwambie aifungue mizani mbele yako, airudishe, aweke mawe yake yote uyahesabu. Panda. Itakayosema ndiyo yako. Kisha nenda kliniki Julai, hata kama ni themanini na saba, hata kama ni tisini. Umetembea tangu Desemba. Kwenye zile ngazi hakuna aliyekudanganya, ulizipanda mwenyewe.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimeirudisha, unaona. Mama mkwe hajambo. Mashine ya kukaushia imeunguza suruali ya hakimu, duka zima tunatembea kwa ncha za vidole.

Nilifanya ulivyosema. Gramu aliifungua mizani sakafuni, mimi nimekaa kitini mbele yake kama mkaguzi. Akaweka mawe moja moja, nami nasoma: tano, kumi, ishirini. Nikapanda. Themanini na saba. Alikuwa anatazama ukutani, nikamwambia, "Tazama hapa." Akatazama. Tukaitazama pamoja ile namba, na ilikuwa namba tu, Dada, haikuniuma. Kesho yake asubuhi nikatembea. Sikuwa na furaha wala hamu, niliingiza miguu kwenye viatu kwa hasira, lakini nikatembea. Na kesho yake. Wiki nne hivyo, bila kupanda kwenye kitu chochote chenye sindano.

Kliniki ilikuwa jana. Kabla sijapanda kwenye mizani yao niliinama kutazama lakiri. Nesi akauliza, "Umedondosha kitu?" Nikamwambia nataka kujua nani aliifunga. Si Gramu, za hospitali hufungwa na fundi wa mji mwingine. Themanini na sita na nusu. Nusu kilo ndani ya karibu miezi sita, nikataka kucheka.

Halafu akanifunga mkono kupima presha. Mwaka jana ilikuwa mia hamsini na mbili kwa tisini na nane. Akasoma: mia na ishirini na nne kwa themanini.

"Pima tena," nikamwambia.

Akapima tena. Ile ile.

"Mashine hii ilirekebishwa lini?"

"Dada'ngu, unadhani mashine imekupenda?"

"Nilishawahi kupendwa hivyo," nikamjibu. "Nipime mkono wa pili."

Mkono wa pili: mia na ishirini na sita kwa themanini. Daktari aliposikia kelele akatoka mwenyewe akanipima kwa mashine yake ya zamani ya kupampu, mara ya nne hiyo, naye akapata vile vile. Nikamweleza yote, springi, barua, pakiti. Hakucheka. Aliniuliza natembea kiasi gani, nakula nini, nalala vipi, akaandika muda mrefu. Kisha akasema: "Kilo zako zimegoma, lakini kazi uliyoifanya haikupotea, imekwenda kwenye damu. Kilo zikiamua zitafuata. Themanini niliitaja ili presha ishuke, nayo imeshuka. Rudi Oktoba. Ikikaa hapa, tutabadilisha dawa zako za presha tuzungumze habari ya mtoto, hata mizani ikinuna." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Na mpaka Oktoba, vidonge vyako vya kuzuia unavimeza."

Navimeza. Nimeanza pakiti mpya.

Gramu alikuwa amekaa kwenye benchi nje, ameshika kofia kwa mikono miwili. "Wamesemaje?" Nikatangulia kutembea. Nilitaka walau mara moja yeye ndiye asiyejua namba. Tulipofika barabarani nikamwambia, presha kwanza, kisha kilo, kisha Oktoba. Akasimama kando ya duka la vioo akalia watu wakipita. Nikamwacha alie mpaka aliposema mwenyewe, "Uliamini ulipopimwa mara ya ngapi?"

"Ya nne," nikasema.

"Mimi ningetaka tano," akasema, na nikacheka, Dada, kabla sijajizuia. Nampenda mjinga huyu. Nampenda na bado nikisikia bisibisi inagusana na koleo kwenye mkoba wake nageuka. Sijui hali hii itachukua muda gani kuisha. Chakula chake sasa nakula bila kumsubiri aanze. Ni hapo tulipofika.

Na wewe, barua yako ya Juni nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka kukiri. Kuna maswali ambayo hayaendi kwa posta, maana kwenye karatasi unapata muda wa kutengeneza uso. Nimeomba ruhusa kazini. Tutakuja wote wawili, Jumamosi ya mwisho, kwa basi la asubuhi, tulale kwako siku tatu. Yeye anaogopa, hajui kama nampeleka kwa shemeji yake kusuluhishwa au kushitakiwa, na sijamwambia. Nawe usimwandikie kumuuliza. Nataka muwe mmekaa mbele yangu, wewe upande huu na yeye upande ule, mniambie yote kwa midomo yenu nikiwatazama machoni. Bandika maji jikoni. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.

Mdogo wako